Vemuti ya Uhispania: nimekosea mimi ili wewe usikosee

Nianze na aibu yangu kabisa. Jumapili yangu ya kwanza Reus, mji fulani wa Catalonia karibu na Tarragona, mzee tuliyekuwa tunakaa naye jengo moja akanigongea akaniambia twende tukafanye vemuti. Saa sita na nusu mchana hiyo, na mi sijatia kitu mdomoni tangu asubuhi, kwa hiyo nikajua moja kwa moja ni mwaliko wa msosi. Tumefika baa kikaletwa kiglasi cha kitu cheusi-chekundu kama chai ya rangi iliyokolea majani, barafu mbili, kipande cha chungwa, na zeituni moja imekaa chini. Nikakipiga chote kwa mkupuo. Mzee akanitazama tu. Nikaagiza cha pili, nikaagiza cha tatu, maana ni kitamu bana, sukari inatangulia halafu uchungu unafika umechelewa kidogo, unabaki kwenye ulimi unakuita urudi. Saa nane wenzangu wanainuka waende kula majumbani kwao, mi nainuka miguu haipo.

Kumbe ile kitu ina kilevi asilimia 15 hivi, na bia ya kawaida ni kama 5. Sasa piga hesabu mwenyewe, glasi tatu, tumbo tupu, jua la Julai.

Vemuti (kwenye chupa utakuta wameandika vermut) ni divai. Nyingi zinaanza na divai nyeupe, hata hiyo nyekundu, wekundu wake unatoka kwenye karameli, yaani sukari iliyounguzwa. Wanaongeza pombe kali kidogo, sukari, na majani, mizizi na maganda ya kila aina: mdalasini, maganda ya machungwa, karafuu (sikuuliza kama za Pemba), na kila kiwanda kinaficha mchanganyiko wake. Ila mmea ulioipa jina ni mmoja, Wajerumani wanauita Wermut, na kwa Kiswahili ni pakanga. Eeh, pakanga ile ile ya Ufunuo, ile nyota inayoangukia theluthi ya mito na chemchemi, theluthi ya maji ikawa pakanga, machungu mpaka yakaua watu. Nilipomwambia mama kwenye simu kwamba huku watu wakitoka kanisani wanaenda kunywa pakanga, alinyamaza mpaka nikadhani salio limeisha.

Waitaliano ndio walitangulia, mtengenezaji mmoja aitwaye Carpano pale Turin mwaka 1786, lakini Reus nao hawakuwa wageni kwenye biashara ya pombe. Zamani ulikuwa mji mkubwa wa kuuza brandi, bei zake zikitajwa pamoja na za Paris na London, na mpaka leo wazee wa pale wanajisifia na ule msemo wao, "Reus, París, Londres". Kwa hiyo divai ipo, pombe kali ipo, mapipa yapo, vemuti ikapata nyumba. Yzaguirre, chapa ya vemuti ambayo bado inatengenezwa, ilianza 1884.

Sasa kitu kilichonichukua muda kuelewa ni hiki: kufanya vemuti sio kunywa vemuti. Fikiria mtu akikwambia karibu chai. Ukifika unakuta chapati, mihogo, maharage ya jana, stori za mtaa mzima, na chai yenyewe pengine umeigusa mara mbili tu, na kuna mtu hapo anakunywa uji na hakuna anayemshangaa. Basi ni hivyo hivyo. Muda wake ni saa sita mpaka saa nane hivi, kabla ya chakula cha mchana, ambacho kwa wale watu kinaliwa saa nane au saa tisa, na kazi yake ni kufungua tumbo. Yule mzee wangu alikuwa anakaa na glasi moja dakika arobaini nzima. Kuna wanaoagiza bia na bado wanasema wamefanya vemuti. Wewe kama hunywi pombe, agiza mosto, ni juisi ya zabibu, sehemu nyingi wanakuletea na barafu na kipande cha chungwa vilevile na unakaa mezani na wenzako bila maswali.

Halafu vitafunwa. Hapa usibane mkono, kwa sababu ule utamu na uchungu bila chumvi unachosha haraka. Wanaweka zeituni, krispi za viazi, kome wa kopo waliolowekwa kwenye siki, na juu ya krispi na kome wanamwagia sosi nyekundu ya siki na pilipili ambayo mi ningeiweka hata kwenye ugali. Ila mfalme ni gilda, inatokea kaskazini, San Sebastián. Kijiti kimoja cha meno: zeituni, samaki mdogo wa chumvi amekunjwa kama utepe (jamaa yake dagaa mchele wa kwetu), na pilipili ndefu ya kijani ya kwenye siki. Unaingiza chote mdomoni kwa mara moja, usikigawe, unatafuna, macho yanakaribia kutoa machozi, NDIO unapiga funda la vemuti. Hapo utanielewa.

Ukiitengeneza nyumbani: glasi fupi pana, barafu kubwa mbili au tatu, vemuti usizidishe nusu ya glasi, kipande cha chungwa, zeituni. Ukiona nzito, ongeza maji ya gesi kidogo, wenyewe wana chupa ya sifoni ya kioo mezani unabonyeza kichwa inatema, lakini ya dukani inatosha. Usiweke kola, nilijaribu, nilichopata ni kola ya dawa ya kikohozi. Na Madrid utaikuta inatoka kwenye bomba kama bia, wanaita de grifo, jaribu hiyo Jumapili ukitoka kuzurura kwenye soko la Rastro.

Kosa langu lingine ni la kabati. Nilifungua chupa nzuri tu, nikanywa kidogo, nikaiacha kabatini juu ya jiko miezi mitatu nikiamini haiozi kama konyagi. Jamani ni divai hiyo! Niliporudi ilikuwa imelala, harufu ya maganda imekufa, imebaki sukari na kauchungu kasikoeleweka. Ikishafunguliwa inakaa friji, ifunge vizuri na uimalize ndani ya mwezi hivi, na kama uko peke yako nunua chupa ndogo.

Na kwa wanaobeba zawadi, chupa iviringishe kwenye taulo na mfuko wa plastiki, mifuko miwili ikiwezekana. Ya kwangu ilivuja kwenye begi ikapata shati jeupe la harusi ya binamu, na doa la karameli halikutoka, nikavaa koti siku nzima kwenye joto la Dar.