Tamasha la wasanii wasemao siasa: safu yangu ya usiku tatu Amu

Swali lililoulizwa ni hili: mtu akikabidhiwa tamasha la usiku tatu, akaambiwa awaalike wasanii wanaoisema siasa bila kumung'unya maneno, angempandisha nani jukwaani na kwa mpangilio gani? Nimesaidia kuandaa majukwaa ya sherehe za utamaduni hapa Amu, yaani mji wa Lamu, kwa miaka kadhaa, kazi yangu hasa ikiwa vipaza sauti na ratiba. Kwa hiyo najibu nikiupigia hesabu uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome, wala si uwanja wa mpira wa kufikirika wenye watu laki moja.

Majibu mengi yaliyotangulia yamejaa marehemu. Fela Kuti alifariki mwaka 1997 na Miriam Makeba mwaka 2008. Kuwaandika katika safu ni kukwepa kazi, kwa sababu marehemu hawezi kukataa mwaliko, wala hawezi kukuletea matatizo na mkuu wa kituo cha polisi. Mimi ninachagua walio hai tu. Tena ninachagua yule aliyeusema utawala wa kwao, akiwa kwao, na ikamgharimu, kwa kuwa kumtukana rais wa nchi ya mbali ni jambo ambalo hata mwoga analiweza. Na mgombea simwaliki. Najua hapa nitapingwa kwa jina la Bobi Wine, ambaye nyimbo zake nazipenda na ambaye amelipa gharama kubwa kuliko wengi. Lakini mtu anayeongoza chama na aliyewania urais wa Uganda mwaka 2021 akishika kipaza sauti, tamasha limekwisha na mkutano wa hadhara umeanza. Hadhira ya Amu inaujua mkutano wa hadhara, na haihitaji kulipishwa tikiti ili ikauone.

Usiku wa kwanza ningeutoa kwa washairi, na hapa nitakawia kidogo, maana ndipo ninapotofautiana na karibu kila aliyejibu. Pwani hii siasa ilisemwa kwa ushairi kabla gitaa halijaletwa. Zahidi Mngumi wa Amu na Muyaka bin Haji wa Mvita, yaani Mombasa, walitunga mashairi ya siasa na vita katika zama za vita vya Shela, karibu na mwaka 1812, miji yao ikiwa imekabiliana. Katika siasa za uchaguzi za miaka ya 1970, mashairi ya Kimondo yalijibizana hapahapa Lamu na kusambaa kwa kaseti. Anayedhani kwamba msanii msema siasa ni mtu wa juzi aliyevaa kofia ya kugeuza nyuma hajawasikiliza wazee wake.

Kwa hiyo wa kwanza kupanda ni mshairi Abdilatif Abdalla. Alifungwa mwaka 1969 kwa ajili ya waraka uliouliza Kenya inakwenda wapi, akakaa gerezani miaka mitatu, na humo akawa anayaandika mashairi yake kwa siri kwenye karatasi za chooni. Ngome ya Lamu nayo ilikuwa gereza mpaka mwaka 1984. Ningependa asome mashairi hayo ya kifungoni ukuta wa Ngome ukiwa nyuma yake, bila ala yoyote, na taa moja tu. Baada yake yasomwe mashairi ya Ustadh Mahmoud Mau, mshairi wa hapa Lamu. Yeye mwenyewe hana haja ya kupanda, kwani mashairi yake yamezoea kuimbwa na watu wengine. Kisha kifuate kikundi cha taarabu cha wanawake kutoka Unguja, kiimbe wimbo wa Siti binti Saad kuhusu Kijiti, yule mwuaji aliyeponyoka huku mahakama ikiwaadhibu waliokwenda kutoa ushahidi. Siti tunaambiwa kila mara kwamba ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi santuri, mwaka 1928 huko Bombay, na tunasahau kwamba alikuwa akiihukumu mahakama ya wakoloni kwa sauti ambayo kila baraza la Unguja liliielewa.

Nitoe mfano wa nguvu ya usiku kama huo. Mwaka mmoja mdhamini wetu alitaka kuyasoma mashairi yote kabla hayajasomwa jukwaani. Kijana mmoja alikuwa ametunga shairi la kisima ambacho kamba yake imeshikwa na mtu mmoja, na kila anayekwenda kuteka sharti kwanza amsifu mwenye kamba. Mdhamini akalisoma, akaridhika kwamba ni shairi la uhaba wa maji, akatia sahihi. Usiku ule, ubeti wa kwanza haujaisha, kinamama waliokuwa wamekaa upande wa sokoni walianza kucheka wakizibana midomo kwa leso. Ubeti wa tatu ulipofika, mzee mmoja aliinuka kwa fimbo yake, akapenya katikati ya viti hadi mbele, akamtunza yule kijana noti ya shilingi mia mbili huku akimtazama mdhamini usoni. Mheshimiwa aliyekusudiwa alikuwa kiti cha pili kutoka kushoto, naye alipiga makofi pamoja na wenzake, maana kutopiga kungekuwa kukiri.

Usiku wa pili ni wa vijana na wa Kiswahili cha leo. Kutoka Tanzania namtaka rapa Nay wa Mitego, aliyekamatwa Machi 2017 kwa sababu ya wimbo mmoja, kisha rais mwenyewe akaagiza aachiwe na wimbo upigwe. Hadi leo sijaamua kama kisa kile kilionyesha uhuru au kilionyesha ni nani mwenye funguo. Pamoja naye namtaka rapa mwenzake Roma, ambaye mwezi uliofuata alitekwa studioni Dar es Salaam na watu wasiojulikana, akaonekana siku chache baadaye. Kutoka bara ya kwetu aje King Kaka, ambaye wimbo wake wa Desemba 2019 uliwaita wapiga kura wajinga, yaani aliwasema wanunuzi wake mwenyewe, jambo gumu zaidi ya kumsema waziri. Eric Wainaina ningemweka mapema jioni ili aimbe ule wimbo wake wa kitu kidogo, wa mwaka 2001, ambao umezeeka bila kuchakaa. Gidi Gidi Maji Maji, la. Wimbo wao wa mwaka 2002 ulinyakuliwa na kampeni ya NARC, muungano wa vyama vya upinzani, na kuwapeleka watu Ikulu. Ni historia kubwa, lakini ni historia ya wimbo uliochukuliwa na wanasiasa, na mimi natafuta uliowakwaza.

Wageni wa mbali nawaweka usiku wa tatu, nao ni wachache. Rapa Smockey wa Burkina Faso ni lazima: alikuwa miongoni mwa waasisi wa vuguvugu la raia la Balai Citoyen mwaka 2013, Rais Compaoré akaondoka madarakani mwaka uliofuata, na katika jaribio la mapinduzi la Septemba 2015 studio yake ilipigwa kombora. Kisha mwimbaji wa rege Tiken Jah Fakoly wa Côte d'Ivoire, na mwimbaji Emel Mathlouthi wa Tunisia, ambaye walau waliosoma chuo cha Kurani watalidaka neno lake la Kiarabu hapa na pale. Tatizo la usiku huu ni lugha, kwani wimbo wa siasa usioeleweka ni ngoma tu. Dawa yake ninayo: kabla ya kila wimbo, malenga wa hapa apande atoe ubeti mmoja wa Kiswahili unaobeba maana, kisha mgeni aimbe. Najua wageni wengine wataona wanacheleweshwa, wavumilie.

Ratiba ina mambo yake ambayo waandaaji wa mjini hawayafikirii. Hakuna chombo kinachowashwa tangu kabla ya adhana ya Magharibi mpaka watu watoke Isha, kwa hiyo tunaanza saa mbili usiku. Spika zinavushwa kwa mashua kutoka Mokowe, kisha zinapandishwa kwa mikokoteni kutoka gatini, na zile kubwa za besi hazina haja, kwa sababu Mkunguni kuta ziko karibu na besi huyameza maneno. Taarifa kwa polisi inapelekwa si chini ya siku tatu wala si zaidi ya siku kumi na nne kabla, kama sheria inavyotaka kwa mikutano ya hadhara, hata kama mnaamini kwamba Ibara ya 33 ya Katiba, ile ya uhuru wa kujieleza, inawatosha.

Jambo jingine: kila usiku lazima liwepo nusu saa la wasanii wa Lamu wakiyasema ya Lamu. Yako ya kusema. Leseni ya mtambo wa makaa ya mawe ilifutwa na baraza la mazingira Juni 2019 baada ya wenyeji kupinga kwa miaka. Mahakama Kuu ya Malindi iliamua mwaka 2018 kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari. Tukiwaalika watu waje kuzisema Ouagadougou na Dar es Salaam huku sisi tunaimba ya mapenzi, tumewafanya wageni wasemaji wetu wa kukodi.

Wenzetu wa Malindi watadai kwamba kwao ndiko kulikostahili, kwa kuwa Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama kwa ngoma ya kifudu dhidi ya Waingereza miaka ya 1913 na 1914. Hoja hiyo ni nzito, na uwanja wao ni mpana kuliko wetu. Wakiuchukua usiku wa pili sitagombana nao. Hata barabara ya kuwapitishia vijana wa Nairobi ni fupi zaidi. Na fedha zikipungua, tiketi za ndege za usiku wa tatu ndizo nitakazofuta kwanza, kisha taa za usiku wa pili. Usiku wa washairi hauhitaji zaidi ya mikeka, kipaza sauti kimoja na kahawa, na huo sitakubali uguswe.