Kompyuta imegoma kuingia Windows? Usimruhusu mtu aifute kwanza

Msomaji mmoja wa Mpwapwa kaniandikia juzi: "Dada, sipiyu inawaka, feni inazunguka, halafu inaishia kwenye skrini ya bluu. Fundi anasema tupige Windows upya. Nimruhusu?" Nimemjibu asithubutu, ila nimeona jibu langu liwafikie na wengine. Najua sisi wenye steshenari ndoto yetu ni moja: duka likue, tuajiri vijana, siku moja tuchapishe hadi mabango. Hatufiki huko kama kila mashine ikigoma tunaibeba kwapani kwenda kwa fundi.

Duka langu liko Makole, hapa Dodoma. Kipindi fulani, wanachuo wakikimbizana na ripoti za fildi, mashine yangu kubwa ilikataa kuingia Windows. Nikamwita fundi. Akachomeka flashi, na hata chai niliyomwagizia haijafika, keshafuta diski nzima. Picha za paspoti za wateja, ripoti za watoto wa watu, mahesabu ya duka, vyote kwaheri. Nilipomuuliza akanijibu, "Mama, si inawaka?" Akachukua hela yake akaenda. Mpaka leo huyo mtu hupita dukani kutoa kopi. Namtolea, lakini kucheka naye siwezi.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba haikupona. Mchana nikiizima na kuiwasha inakubali. Jioni nikifunga duka na kuzima swichi ya ukutani, asubuhi naikuta imegoma, skrini ya bluu na maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Umeme ukikatika, vilevile. Sitawachosha na usiku niliokesha nasoma. Niliingia kwenye BIOS, ukurasa wa mipangilio ya mashine unaofunguka kabla ya Windows (kwangu ni kitufe cha F2 mara tu inapowaka, kwako huenda ikawa Del au F10) nikakuta tarehe imerudi nyuma miaka kibao. Diski inaonekana vizuri, ila mpangilio wa SATA, yaani namna mashine inavyowasiliana na diski, umeruka kutoka aina iitwayo AHCI kwenda nyingine iitwayo RAID. Nikaurudisha, nikahifadhi, Windows ikaingia kama vile hakuna kilichotokea.

Mchawi alikuwa betri ya madabodi (ubao mkuu ulio ndani ya kasha), ile bapa ya duara, CR2032 ya volti 3. Ndiyo inayotunza saa na mipangilio umeme usipokuwepo. Ikichoka, mashine inarudia mipangilio ya kiwandani, na Windows iliyozoea mpangilio mwingine haioni diski yake. Bei ya betri hiyo haifiki sahani ya chipsi mayai! Nilizima, nikachomoa waya wa umeme, nikaibadilisha kwa mkono wangu, nikapanga tarehe na SATA upya. Haijagoma tena, na wenye maduka ya jirani sasa wananiita mimi.

Kwa hiyo chomoa flashi zote kwanza, maana wakati mwingine mashine inahangaika kuwaka kutoka kwenye flashi tupu. Kisha ingia BIOS, uangalie saa na diski. Saa ikiwa imepotea, anza na betri. Diski isipoonekana kabisa, kagua nyaya zake. Vumbi letu la kiangazi huingia kila mahali.

Wanawake wenzangu, acheni kuogopa bisibisi. Tunalea watoto, tunaendesha vikoba, halafu kasha la bati litutoe jasho? Jifunzeni. Anayetegemea wewe usijue ndiye anayekula faida yako, na hatakuambia.

Diski ikianza kugonga tik-tik, izime, usiiwashewashe. Na hata ikibidi kweli kupiga Windows upya, diski ifungwe kwanza kwenye mashine nyingine, mafaili yako yakopiwe, uyafungue mwenyewe uone yanafunguka. Hapo ndipo fundi aguse flashi yake. Akisema hana muda wa hayo, chukua sipiyu yako uondoke.