Watoto wa Ip Man

Je, Ip Man, mwalimu wa kung fu wa Bruce Lee, aliacha watoto walioendeleza kazi yake? Ndiyo, na habari yao inagusa kuliko hata sinema zinazomhusu.

Mzee huyo aliondoka Foshan, mji wa kusini mwa China, mwaka 1949 kwenda Hong Kong. Baadaye mpaka ukafungwa mke na wana wakiwa upande wa China, na mkewe akafariki mwaka 1960 bila wao kuonana tena. Wanawe wawili, Ip Chun (wa 1924) na Ip Ching (wa 1936), walimfikia baba yao mwaka 1962. Hebu fikiria, Ip Chun alikuwa anakaribia miaka 40 ndipo akaanza mazoezi ya dhati ya Wing Chun, mtindo wa kung fu aliofundisha baba yake, chini ya mzee mwenyewe! Kwa hiyo hawakulelewa ulingoni, kama mtu angedhani. Wanafunzi wengi wa mzee waliwatangulia, Bruce Lee akiwemo.

Mwaka 1972, saratani ya koo ikiwa imemdhoofisha, mzee alikubali kurekodiwa kwa filamu ya milimita 8. Anaonekana amekonda, lakini mikono bado inapita kwa utulivu kwenye lile gogo la mazoezi lenye mikono mitatu na mguu mmoja. Alifariki Desemba mwaka huohuo. Itafute uitazame, kwangu mimi ndiyo urithi wenyewe.

Wanawe wote wawili wakawa walimu, wakafundisha wageni wengi kutoka Ulaya na Marekani. Ip Ching alifariki Januari 2020. Ip Chun aliigiza pia, katika filamu ya mwaka 2010 kuhusu ujana wa baba yake.