Spika za zamani zimetengenezwa, besi iko wapi?

Swali: Fundi, habari za kazi. Nimenunua jozi ya spika za AR-3a ambazo tayari zimetengenezwa: sponji za ukingo wa koni ni mpya na kapasita zimebadilishwa. Amplifaya yangu ni ya wati 60. Sauti ni safi, ila ile besi nzito ya chini siisikii. Ninunue amplifaya kubwa zaidi?

Jibu: Pesa yako ikae kwanza. AR-3a, iliyotoka Marekani mwaka 1967, ni sanduku lililozibwa kabisa. Hewa iliyofungwa mle ndani ndiyo springi inayorudisha koni ya inchi 12. Ikivuja, sponji mpya haisaidii kitu. Zima amplifaya, tandaza vidole kwenye koni, isukume ndani taratibu bila kuipinda, kisha iachie. Ikirudi polepole, sanduku ni zima. Ikirudi papo hapo, kuna mahali panapovuja: mara nyingi ni gasketi (kizibo kati ya spika na sanduku) ambayo haikurudishwa vizuri, au pale nyaya zinapoingilia kwa nyuma. Silikoni inaziba, sikatai, lakini fundi atakayeifungua tena atakulaani. Weka gasketi.

Halafu kagua kama nyaya zimegeuzwa. Spika moja ikisukuma hewa wakati nyingine inavuta, besi ndiyo inayopotea kwanza. Chomoa nyaya za amplifaya, gusisha betri ya tochi ya volti 1.5 kwa muda mfupi tu, chanya kwa chanya. Koni zote mbili zinatakiwa kutoka nje. Inayoingia ndani, nyaya zake zimegeuzwa.

Hapo kukiwa sawa, umejiuliza unakaa wapi? Chumba cha urefu wa mita 4 kina mvumo wake, yaani sauti ambayo chumba chenyewe huikuza, karibu na Hz 43 (mitetemo 43 kwa sekunde), na katikati ya chumba mvumo huo unafifia kabisa. Uzi mzito wa gitaa la besi unalia Hz 41, kwa hiyo kiti kikiwa katikati, unaukosa. Kirudishe nyuma, karibu na ukuta, na spika nazo zisogeze ukutani.

Wati 60 zinatosha sebuleni, mradi amplifaya inahimili omu 4 (ukinzani wa spika hizi), maana spika hizi zinakula umeme. Chini ya Hz 42 hivi sauti ya AR-3a inashuka kwa dB (desibeli) 12 kila okteva, yaani kila Hz zinapopungua kwa nusu. Ukitaka mitetemo ya Hz 20 ya kwenye filamu, hiyo ni kazi ya sabwufa, spika maalumu ya besi ya chini kabisa.