Usiupike ndani ya tui: kwa wanaoanza wali wa kunata na matunda ya kuchoma

Wadogo zangu mnaoingia jikoni kwa mara ya kwanza, hasa ninyi mliolelewa pwani, kuna jambo nataka mlijue mapema. Ustadi wenu wa wali wa nazi ndio utakaowaangusha kwenye wali wa kunata. Mimi uliniangusha.

Nilipoajiriwa katika jiko la hoteli moja ya ufukweni Unguja, nilikuwa nimekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi tangu utotoni. Nilijua nazi iliyokomaa kwa kuitikisa sikioni, nilijua kukamua, nilijua kwamba tui likiwa motoni halifunikwi na mwiko hautoki mkononi. Mpishi wa vyakula vya Kithai alinipa kilo moja ya mchele na kuniambia niuandae uliwe na embe. Nikauosha, nikauchemsha ndani ya tui lenye sukari na chumvi kama nilivyozoea, nikafunika, nikapunguza moto. Baada ya nusu saa juu kulikuwa na uji, katikati punje zina kiini, chini umeungua. Kilo nzima ikamwagwa.

Yule mpishi tulimwita Pii, neno ambalo Wathai humwita aliyewazidi umri, kama sisi tunavyosema dada au kaka. Hakunigombeza. Alichota punje mbichi kiganjani, akaziweka kando ya punje za mchele wetu wa kawaida, akaniambia nitazame. Mchele wetu ukiwa mbichi unapitisha mwanga kidogo, kama kioo chenye ukungu. Ule wa kunata ni mweupe pepepe kama chaki, hauonyeshi kitu upande wa pili. Ukiiva mambo yanageuka: wa kwetu unakuwa mweupe, wa kunata ndio unaopitisha mwanga. Mpaka leo mchele ukiletwa na msambazaji nafungua mfuko na kutazama rangi kabla ya kusaini, kwa sababu mchele wa Thailand wenye harufu nzuri, ule wa jasmini, huletwa mara nyingi kwa makosa, na huo haunati hata uulowekeje.

Wathai wanauita khao niao. Kaskazini mwa nchi yao na katika eneo la Isan, na kwa jirani zao wa Laos, ndio chakula cha kila siku. Hufinyangwa tonge kwa vidole na kuchovywa kwenye mchuzi, sawasawa na sisi na ugali. Kunata kwake kunatokana na wanga. Wanga wa mchele una sehemu mbili, amilosi na amilopektini. Amilosi ndiyo inayofanya punje za pilau ziachane. Mchele wa kunata karibu hauna amilosi kabisa, ni amilopektini tupu, basi ukiiva punje zinashikana. Mgeni akikuuliza kama una gluteni, kwa sababu jina lake la Kiingereza linafanana na neno hilo, mjibu bila wasiwasi kwamba hauna. Hiyo ni gluteni ya ngano, na mchele hauna.

Sasa kwa nini hauchemshwi ndani ya tui? Punje inahitaji maji ili wanga ulainike. Sukari nayo inayataka maji hayohayo, na mafuta ya tui yanaizingira punje kabla haijashiba. Kwa hiyo kazi inagawanywa mara tatu: maji kwanza, mvuke baadaye, tui mwisho kabisa. Ukilishika hilo, mengine ni mkono kuzoea.

Loweka tangu usiku. Saa nne zinatosha kwa shida, saa nane ndizo zinazofaa. Osha kwanza mara tatu au nne mpaka maji yatoke safi, kisha loweka kwa maji mengi, maana mchele utavimba. Asubuhi bana punje moja kwa kucha: ikivunjika kwa urahisi kama chaki, iko tayari. Hakuna njia ya mkato hapa. Nimewaona vijana wakiloweka saa moja kwa maji ya moto na kuongeza muda wa mvuke, na kila mara wageni wanakuta vipunje vigumu chini ya meno.

Chombo cha asili cha kupikia ni kikapu cha mwanzi chenye umbo la koni, huat, kinachokaa juu ya sufuria yenye shingo. Usipokuwa nacho, sufuria lolote la mvuke linafaa, ukitandika kitambaa chepesi cha pamba juu ya matundu. Maji yasiguse mchele. Tandaza, usishindilie, funika, acha kwenye mvuke mkali dakika 15. Halafu geuza. Pii alikuwa anakishika kikapu kwa mikono miwili na kukirusha mara moja tu, bonge zima linapinduka kama chapati, sehemu ya chini inakuja juu. Kwa kitambaa ni rahisi zaidi, unakunja ncha nne na kuupindua. Ongeza dakika 10 hadi 15. Onja kutoka katikati, sio pembeni.

Tui liwe tayari kabla mchele haujashuka. Kwa kilo moja ya mchele mkavu natumia mililita 700 za tui zito, gramu 350 za sukari na vijiko vya chai viwili na nusu vya chumvi. Hapa ndipo mtoto wa pwani anapomshinda kila mtu jikoni. Zikune nazi, kamua kasimele kwa maji ya uvuguvugu kidogo sana, chuja kwenye kifumbu au kitambaa, tui jepesi la mkamuo wa pili liwekee mboga. Tui la kopo linafaa nazi zikiwa haba, lakini harufu haifanani, na mimi siwezi kujifanya kwamba inafanana. Pasha tui pamoja na sukari na chumvi, ukikoroga upande mmoja, mpaka sukari iyeyuke na moshi mwembamba uanze kupanda. Usingoje lichemke kwa nguvu, litakatika, na tui lililokatika huacha mafuta juu ya wali. Ukiwa na majani ya pandani, funga fundo moja utumbukize humo. Ni ndugu wa mkadi wetu, ila huyu anatumika kwa jani lake, na harufu yake inakaribiana na ya mchele mpya.

Usiogope chumvi. Tamu zetu nyingi tunazitia chumvi chembe mbili za aibu. Tamu hii inasimama juu ya chumvi: bila hiyo ni sukari na mafuta tu, na mgeni anaweka kijiko chini baada ya matonge matatu.

Wali ukitoka kwenye mvuke, uweke kwenye bakuli pana ungali moto kabisa, umwagie tui lote, pindua taratibu kwa mwiko bila kuponda. Utaona kioevu kingi na utadhani umekosea. Funika, ondoka. Rudi baada ya dakika 15, geuza mara moja, funika tena dakika 15. Tui lote litakuwa limeingia ndani na punje zinang'aa, kila moja imesimama na bado zimeshikana. Wali ukipoa kabla ya kutiwa tui haulinywi tena, tui linabaki chini ya bakuli. Kwa hiyo usiushushe halafu ukaanza kukuna nazi.

Na usiweke kwenye friji. Hili nililijua kwa gharama. Tulikuwa na karamu ya watu 60, nikaona niwahi, nikaupika usiku na kuufungia friji. Asubuhi ulikuwa mgumu kama mchanga uliokauka, kwa sababu baridi inaurudisha wanga kwenye ugumu wake. Niliurudisha kwenye mvuke, ukalainika nje na kubaki na vidonge ndani, na sukari ikatiririka kwenye maji. Tulipika upya huku wageni wameshakaa. Lakini kuuacha nje kutwa nzima nako ni hatari, maana wali una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa, na tui linachacha haraka kwenye joto letu. Jikoni kwangu mwisho ni saa nne tangu uive. Tunapika mara mbili, wa mchana na wa usiku, na unaobaki hauvuki kwenda kesho.

Tuje kwenye moto. Kule Thailand embe la khao niao mamuang, wali wa kunata kwa embe, huliwa bichi, yaani limeiva na kumenywa bila kuchomwa, na aina kama nam dok mai na ok rong ndizo zinazosifiwa. Tamu hii ilivuma zaidi Aprili 2022, pale mwanamuziki wa Thailand, Milli, alipoila jukwaani kwenye tamasha la Coachella kule Marekani. Kwa hiyo mgeni akiitaka ile ya asili, mpe embe lisilochomwa na usimlazimishe. Ila kuchoma matunda juu ya makaa nako ni jambo lao la zamani. Mitaani Bangkok kuna kluai ping, ndizi ambazo hazijaiva sana, zinazochomwa polepole na kuchovywa kwenye sharubati ya tui na sukari ya mnazi au ya mvumo. Kuna na kluai thap, ndizi hizohizo zilizobanwa kati ya vibao viwili mpaka zikawa bapa, ndipo zikamwagiwa sharubati.

Kosa la wanaoanza ni kuchagua tunda lililoiva mno. Tunda linaloteleza mkononi litayeyuka kwenye wavu na kudondokea makaa. Chukua embe linalobonyea kidogo karibu na kikonyo lakini mwilini bado limekaza. Dodo na bolibo zote zinafaa, dodo kwa ukubwa wa shavu lake, bolibo kwa kutokuwa na nyuzi nyingi. Kata mashavu mawili, acha ganda, chora miraba kwenye nyama bila kupasua ganda. Ganda ndilo sahani yake motoni. Nanasi limenye, kata mapande ya sentimita mbili, toa moyo wa katikati. Kisha lifute. Narudia hili kwa sababu hakuna anayelifanya asipokumbushwa: futa kila pande kwa kitambaa safi. Tunda lenye maji juu halichomeki, linachemka, na utapata tunda jeupe lililolegea badala ya lenye alama za dhahabu. Baada ya kulifuta, lipake mafuta ya nazi kidogo tu. Sukari usiipake, itaungua kabla tunda halijapata joto.

Makaa yangoje mpaka yavae majivu meupe na mwali uishe. Weka kiganja juu ya wavu, kama inchi sita: ukiweza kuhesabu mpaka nne ndipo mkono ukukimbie, huo ni moto wa embe na nanasi. Laza tunda, usilisogeze dakika mbili nzima. Likiwa tayari linaachia wavu lenyewe. Linalong'ang'ania bado halijaiva, liache. Ndizi inataka moto wa chini zaidi, wa makaa yanayokufa, dakika 20 au zaidi huku ukiigeuza. Mimi nachukua mzuzu ulioanza tu kugeuka manjano. Ndizi mbivu za kula, kama kisukari, ziache kwenye sahani ya matunda.

Ukishayazoea hayo, jaribu khao niao ping, maana humo tunda, wali na moto vinakutana ndani ya jani moja. Babua majani ya mgomba juu ya moto mpaka yang'ae na kulainika, yasipasuke ukikunja. Chota wali wako uliokwisha kunywa tui, utandaze, weka kipande cha ndizi katikati, funika kwa wali mwingine, viringisha, na funga ncha zote mbili. Wao wanachomeka kijiti cha mwanzi kama pini. Mimi natumia chelewa za makuti zilizokatwa mshazari, zinashika vilevile na hazikosekani nyuma ya jiko. Choma kwa makaa ya chini mpaka jani likauke na kuungua sehemu sehemu. Wali unaogusa jani unapata ukoko mwembamba, na nyinyi mnajua vizuri watu wanavyougombea ukoko nyumbani.

Kupakua kwenyewe ni haraka. Wali uwe vuguvugu, tunda liwe limetoka motoni sasa hivi. Juu ya wali mwagia mchuzi mdogo wa kasimele: mililita 300, nusu kijiko cha chai cha chumvi, kijiko kimoja cha unga wa mchele kuushika, bila sukari au kwa sukari kidogo sana. Mwisho nyunyiza choroko zilizopaazwa maganda, zikalowekwa, zikakaushwa vizuri na kukaangwa kwa moto mdogo bila mafuta mpaka zilie mdomoni. Zinyunyizwe mhudumu akiwa ameshasimama mlangoni anangoja sahani, kwa sababu zikikaa dakika tano juu ya mchuzi zinalainika na ule mlio haupo tena.