Sarit Sarak si Thang-Ta

Ndugu uliyeuliza kama Sarit Sarak ni jina jingine la Thang-Ta, jibu ni hapana, ingawa zote mbili ni matawi ya sanaa moja ya vita ya Wameitei wa Manipur, kaskazini-mashariki mwa India, iitwayo Huyen Langlon. Thang ni upanga na ta ni mkuki, kwa hiyo Thang-Ta ni tawi la silaha, ilhali Sarit Sarak ni mapigano ya mikono mitupu.

Ugumu wake, na kwa maoni yangu ndio utamu wake, ni kwamba asiye na silaha hufundishwa kumkabili hata aliyeshika upanga. Hawezi kuukinga upanga kwa mkono. Kwanza hulikwepa pigo, kisha huingia karibu na kushambulia kabla mwenzake hajauinua tena.

Waingereza walipoiteka Manipur mwaka 1891, mafunzo haya yalipigwa marufuku, yakaendelea kwa siri mikononi mwa walimu wachache. Siku hizi Thang-Ta ndiyo inayoonekana zaidi majukwaani, pengine kwa sababu panga zinazometameta huvutia macho kuliko mikono mitupu.

Usiichanganye Sarit Sarak pia na Mukna, ambayo ni mieleka: wachezaji hushikana mikanda ya viunoni, na ambaye mgongo wake unagusa ardhi ndiye aliyeshindwa.