Babu yako na mstari ule wa Warumi

Temeke, Dar es Salaam

Mwanangu Neema,

Hatujambo. Mvua ya juzi imeingia jikoni tena, mama yako kashaizoea. Meseji yako niliisoma nikiwa kwenye daladala, nikashindwa kujibu palepale. Unasema mhubiri wa semina huko Dodoma kafundisha kwamba asiyebatizwa kapotea, basi, nawe ukamkumbuka babu, mzee wa swala tano, ukaniuliza: "Baba, sasa babu yuko wapi?"

Alipo sijui, na anayejitia kujua kakalia kiti kisicho chake. Lakini umeniandikia Warumi 2:14-15, na hapo nina neno.

Sura ile inawashukia watu waliojiona salama kwa sababu tu Torati wanayo. Paulo anawaambia wapo watu wa mataifa, yaani wasio Wayahudi, wasio na Torati ambao hutenda yaliyomo. Kazi yake imeandikwa mioyoni mwao, dhamiri yao inashuhudia, mawazo yao yanawashitaki au kuwatetea. Watu hukimbilia kutetea. Kushitaki kumetangulia, mama.

Hela zilizosahaulika kwenye suruali ya mteja, babu akazitunza miezi saba ndani ya kopo la maziwa pale kwenye cherehani yake Magomeni, hizo umesimuliwa kila Idi. Hujasimuliwa kuhusu mpaka wa shamba la Rufiji. Aliusogeza yeye, kwa mkono wake, minazi minne ya mdogo wake ikaingia upande wake. Wiki ya mwisho aliniita mimi mkwe, kwa aibu ya kuwaambia wanawe, akanituma nikairudishe. Warumi hakuwahi kusomewa. Nani alimshitaki?

Mhubiri wako ana hoja, nisimwonee. Sura inayofuata Paulo anasema wote wamefanya dhambi, kwa hiyo dhamiri si mlango wa pili wa kuingilia Kristo akiwa hayupo. Na katika Matendo ya Mitume sura ya 10, akida Kornelio wa Kaisaria, askari wa Kirumi, mtu wa sala na sadaka, malaika alimwambia amwite Petro; hakumwambia kwamba wema wake umetosha. Ila mhubiri asiishie hapo. Petro alipofika nyumbani kwa Kornelio anakiri kuwa Mungu hana upendeleo, na katika kila taifa amchaye na kutenda haki hukubaliwa naye. Roho Mtakatifu akawashukia kabla maji hayajaletwa.

Wakubwa wa Kanisa wenyewe hawakusoma namna moja. Askofu Agostino, Mwafrika wa Hippo, mwaka 412 alielekea kusema kwamba mataifa wale wa Paulo ni waliokwisha kumwamini Kristo. Jirani zetu Wakatoliki, katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wao, mwaka 1964, waliandika kuwa asiyeijua Injili bila kosa lake, akamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kuifuata dhamiri yake akisaidiwa na neema, anaweza kuupata wokovu. Neema, umeona? Hata hapo hajiokoi mwenyewe. Mimi Mlutheri, lakini maneno hayo siyatupi.

Sasa fikiri maneno yale, "bila kosa lake". Hapo ndipo usingizi ulipokata. Utasema babu aliishi Dar, kengele ya kanisa akiisikia kila Jumapili. Kengele si Injili. Mkristo wa kwanza kuingia nyumbani kwake ni mimi, kijana niliyemchukua binti yake bila baraka zake, na miaka mitatu sikukanyaga kwake hata Idi. Mama yako alikuwa akienda peke yake na wewe mgongoni. Kama ataulizwa alichosikia kuhusu Yesu, sehemu ya jibu nitaulizwa mimi. Na yeye ndiye aliyeanza kunisamehe: siku unaumwa malaria alikuja usiku na bajaji, akaniita "mwanangu", akakubeba.

Kwa hiyo semina ikifika kwenye maswali, usibishane kumtetea babu. Muulize tu mhubiri akufafanulie habari ya Kornelio mpaka mwisho wa sura ile.

Hitma ya babu ni Jumamosi ya tarehe 18. Nitakaa mkekani na wajomba zako, wakisoma nitanyamaza na kuomba kwangu. Mdogo wake anakuja kutoka Rufiji na nazi za minazi ile. Wewe njoo Ijumaa, mama yako anataka mtu wa kuchambua mchele, na upitie Kariakoo ulete sukari kilo tano.

Baba yako